Mlioko China: tiketi ya karatasi ya kumbukumbu naipataje siku hizi?

#1 Kifaru Mpole
Salaam wakuu. Nasoma Wuhan. Tangu sekondari nina daftari ninalobandika tiketi za kila nilikoingia: Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, mechi, boti ya Zanzibar, hadi daladala. Likizo hii nimezunguka Beijing na Xi'an na nimerudi na kurasa tupu. Mtindo ni ule ule kila geti: nafasi unaweka kwenye simu, unalipa kwenye simu, ukifika unalaza pasipoti juu ya mashine, geti linafunguka, pita. Sehemu moja nilimuuliza dada wa getini tiketi yangu iko wapi, akaninyooshea pasipoti yangu mwenyewe.

Maswali mawili. La kwanza, kuna ujanja wowote wa kupata karatasi? La pili, kwa nini wameziondoa kabisa? Rafiki yangu anasema ni Corona, kwamba Kasri la Kale la Beijing (Forbidden City) waliacha kuuza tiketi dirishani 2020. Kiingilio kule kwani si yuan 80? Kwa hela hiyo hata kikaratasi?

#2 Ngalawa Moja
Natandika mkeka. Mwenye kahawa apite nayo huku.

#3 Dada Xiaobei
Mdogo wangu, niko Guangzhou muda mrefu kidogo. Karatasi zipo ila hazitolewi mpaka uombe. Ukishaingia usihangaike na watu wa getini, wale kazi yao ni foleni. Tafuta jengo la huduma kwa wageni na uulize dirisha la ankara, yaani wanakotoa fapiao. Wafanyabiashara wa Kichina wanarudishiwa gharama na kampuni zao, kwa hiyo lazima pawepo mahali pa kutolea ushahidi. Sehemu nyingine hapo hapo wana tiketi nzuri za picha wanakupa bure au kwa yuan chache.

Na duka la zawadi usilipite hivi hivi. Siku hizi wanachapisha tiketi za mapambo makusudi, zenye dhahabu dhahabu, wanaziuza. Si ile uliyoingilia, lakini daftarini inapendeza.

#4 Pima Maji
Mleta uzi, rekebisho dogo. Kasri halikungoja Corona. Tiketi zote zilihamia mtandaoni Oktoba 2017, na kabla ya hapo, 2015, walishaweka kikomo cha watu 80,000 kwa siku na kuandikisha majina. Huenda hiyo 80 yako imetokea huko. Kiingilio ni yuan 60 kuanzia Aprili mpaka Oktoba, na 40 kuanzia Novemba mpaka Machi. Wewe mwanafunzi ukiwa na kitambulisho cha chuo ni 20, kama ni shahada ya kwanza.

#5 Kifaru Mpole
Mkuu #4 ahsante. Hiyo 20 inaniuma kuliko tiketi yenyewe.

#6 Chumvi ya Mawe
Sababu ni walanguzi tu, hakuna kingine. Zamani mtu ananunua tiketi 50 asubuhi, saa nne anazunguka nazo pale nje anauza mara mbili. Ukishafunga tiketi na jina na namba ya pasipoti, mlanguzi amekwisha. Karatasi isiyo na jina ni pesa mkononi, anayeishika ndiye mwenye mali.

#7 Dada Xiaobei
#6 mlanguzi amekwisha? Nenda Beijing wiki ya sikukuu ya mwanzo wa Oktoba halafu uje utuambie. Amehamia kwenye simu tu. Anachukua pasipoti yako, anakuwekea nafasi kwa programu inayobonyeza haraka kuliko kidole chako, unamlipa.

#8 Mhasibu Mstaafu
Mnapita mbali na jambo lenyewe. Tiketi ya zamani ya China ilikuwa na mhuri mwekundu wa mamlaka ya kodi umechapwa juu yake, wenye daftari za zamani waangalie. Maana yake tiketi ile yenyewe ilikuwa ankara. Sasa ankara za China zimekuwa za kielektroniki: kuanzia Desemba 1, 2024 mfumo mpya umesambazwa nchi nzima. Tiketi ya karatasi imepoteza kazi yake ya kikodi, na kitu kisichokuwa na kazi ofisini hakipewi bajeti ya kuchapwa. Ndiyo maana ushauri wa #3 wa kwenda dirisha la ankara unazidi kudhoofika. Leo ukiomba fapiao wanakuonesha msimbo wa QR, unaskani, faili linaingia kwenye barua pepe. Utabandika barua pepe daftarini?

#9 Ngalawa Moja
Anachapisha barua pepe kwenye A4 anakunja mara nne 😂

#10 Kilindini
Wageni kutoka Mombasa tupo. Hili si la Wachina peke yao. Huku kwetu tangu serikali ihamishe malipo yote eCitizen, tovuti yake ya huduma, ukienda Fort Jesus ama mbuga za KWS unalipia kwa simu ama kadi, noti hawashiki. Ngome ya 1593 hiyo, Mreno alijenga, na leo mlangoni unaulizwa umelipa na M-Pesa ama na kadi. Baba yangu ana kikaratasi cha Fort Jesus cha miaka ya themanini kwenye Biblia yake hadi sasa. Mimi nina SMS, na simu ile imeshaibwa.

Na kuhusu sababu, mimi nitawaambia bila kupaka rangi: ni wizi wa getini. Nilikua karibu na geti moja la serikali, silitaji. Mgeni akitoka anaambiwa "acha tiketi hapa". Jioni ile tiketi inauzwa tena, na pesa ya safari ya pili haifiki benki. Mkiondoa karatasi, mchezo unaisha.

#11 Chumvi ya Mawe
#10 hiyo umenikumbusha makondakta wanaookota tiketi sakafuni. Tanzania nako ni control namba, namba ya kulipia serikalini, kila kona, mpaka mhudumu wa choo cha umma utafikiri anakusanyia hazina.

#12 Mzee wa Reli
Vijana nawasalimu. Mimi nakusanya tiketi za treni, si za makumbusho, ila naona ugonjwa ni mmoja, na China ndiyo imenivunja moyo kuliko nchi yoyote.

Treni za China zilikuwa na tiketi za aina mbili alizozijua kila mtu. Ya waridi, karatasi laini, na ya bluu yenye sumaku nyuma, iliyokuwa inapita ndani ya geti na kutokea upande wa pili. Tiketi za kielektroniki zilianza kwenye reli za mwendo kasi, na Juni 2020 zikasambazwa nchi nzima kwenye reli za kawaida. Sisi wakusanyaji hatukufa, kwa sababu ilibaki karatasi ya kudaia marejesho ya gharama: ya bluu vile vile, ina jina la kituo, saa, behewa na kiti, imeandikwa tu kwamba haitumiki kusafiria. Unafika kwenye mashine, unaweka kitambulisho au unakwenda dirishani na pasipoti, wanakuchapia. Wachina wenyewe walikuwa wanapanga foleni kuichukua kwa ajili ya albamu, wala hawadai gharama yoyote.

Nayo imekwisha. Ankara ya kielektroniki ya reli ilianza Novemba 1, 2024, wakatoa muda wa mpito mpaka Septemba 30, 2025. Kuanzia Oktoba 1, 2025 hawachapi tena. Kinachobaki ni kikaratasi cha taarifa za safari ukiomba, kama risiti ya duka.

Kwa hiyo namuunga mkono Mhasibu #8. Walanguzi wa treni walishadhibitiwa kwa majina zamani wakati karatasi bado ipo! Tiketi ya bluu ilikuwa na jina la abiria limechapwa juu yake. Karatasi na jina vinakaa pamoja vizuri tu. Kilichoiua ni ankara.

#13 Kifaru Mpole
Shikamoo mzee. Basi nimechelewa. Ninazo chache za bluu za Wuhan kwenda Guangzhou, nilikuwa natumia kuwekea alama kwenye vitabu.

#14 Mzee wa Reli
Marahaba. Zitoe kwenye vitabu leo hii.

#15 Nyuki Dume
Samahani nitaonekana mchokozi. Mtu mzima analilia kikaratasi? Piga picha. Kuna wenye njaa humu.

#16 Kilindini
#15 wewe picha zako za harusi umezichapa ama ziko kwa simu?

#17 Nyuki Dume
Sijaoa.

#18 Ngalawa Moja
Uzi umenoga. Mwenye binti wa kukusanya tiketi asaidie hapo juu.

#19 Bi Mdogo wa Malmö
Nipo Uswidi, na huku noti mpya nazionaga tu nikipokea mgeni kutoka nyumbani. Makumbusho ya ABBA kule Stockholm yalifunguliwa 2013, na tangu siku ya kwanza hawapokei pesa taslimu. Mmoja wa wanamuziki wenyewe, Björn Ulvaeus, ndiye aliyekuwa akipigia debe nchi isiyo na noti. Hoja yake ilikuwa uhalifu, maana mwanawe aliibiwa nyumbani. Kwa hiyo ya walanguzi, ya kodi, ya wizi wa getini, ongezeni na hii: kuna watu wanaamini kabisa kwamba noti zikiisha mwizi atakosa kazi.

Lakini naona mnachanganya vitu viwili. Kulipa bila noti ni jambo moja, kutopewa karatasi ni lingine. Nimeshalipa kwa kadi sehemu nyingi na nikapewa tiketi nene yenye picha.

#20 Mteremko wa Marangu
#19 umepiga pale pale. Mimi ni mpagazi niliyepanda cheo, sasa naongoza wageni mlimani. Ada za Hifadhi ya Kilimanjaro zinalipwa benki na kwa kadi, getini hakuna mtu anahesabu noti. Lakini mgeni akishuka anapewa cheti cha karatasi ngumu, kina jina lake na saini. Kuna cha waliofika Uhuru, mita 5,895, na kuna cha walioishia Gilman's au Stella. Wazungu watu wazima nawaona wanalia wakikishika. Ukikikunja kwa bahati mbaya atakuchukia mpaka uwanja wa ndege. Sasa mtu aniambie teknolojia imezuia nini hapo. Wakitaka kutoa karatasi wanatoa.

#21 Pima Maji
Cheti si tiketi mkuu. Cheti unapewa kwa kufika, tiketi unapewa kwa kulipa.

#22 Mteremko wa Marangu
Waliolipa bila kufika ninawajua pia, tuache.

#23 Msomi wa Hangzhou
Nimesoma uzi wote, niwaletee ya kwangu. Corona haikuanzisha, lakini ndiyo iliyofunga mlango, msiipuuze. Vivutio vilipofunguliwa Aprili 2020, serikali iliruhusu asilimia 30 tu ya uwezo wa kila kivutio, Julai ikapanda 50. Kuhesabu hivyo bila kuweka nafasi mapema huwezi. Kwa hiyo hata vijisehemu vya mikoani ambavyo vilikuwa na bibi anayechana tiketi kwenye kitabu vikalazimika kununua mfumo na geti la kuskani. Kikomo kilipoondolewa, mashine zilishanunuliwa. Nani atarudi kwenye kitabu?

Halafu ziwa letu la Magharibi hapa ni bure tangu 2002, na makumbusho mengi ya China hayana kiingilio, kwa hiyo tiketi haikuwahi kuwa na maana kubwa huku. Watu wamehamia kwenye mihuri. Kila makumbusho kuna meza ina mihuri ya mpira na wino wa rangi, vijana wanakuja na daftari zao wanagonga. Nyingine mihuri yake inapangwa rangi juu ya rangi, ukigonga minne kwa mpangilio inatoka picha kamili. Bure. Kifaru, nunua daftari la karatasi nene, wino usipenye, utasahau tiketi.

#24 Dada Xiaobei
Mihuri kweli. Nilikwenda maonesho ya dunia ya Shanghai 2010 nikiwa mgeni mgeni. Waliuza kijitabu kama pasipoti, unagongewa kila banda. Watu hawaangalii hata kilichomo ndani ya banda, wanakimbilia mhuri. Sisi Tanzania tulikuwa ndani ya banda la pamoja la Afrika, nchi zaidi ya 40, unazunguka humo na kijitabu kinajaa. Foleni ya mihuri ilikuwa ndefu kuliko ya vinyago.

#25 Kilindini
Kabla ya mihuri kulikuwa na twiga. Sisi watu wa Malindi tulimpeleka mfalme wa China twiga mwaka wa 1414, na hakuna aliyeulizwa tiketi.

#26 Pima Maji
Wa 1414 aliletwa na ujumbe wa Bengal, ingawa inasemekana naye alitokea Malindi. Wa kutoka Malindi moja kwa moja ni 1415.

#27 Kilindini
Wewe ukialikwa harusini unahesabu sahani.

#28 Mhasibu Mstaafu
#23 hoja ya mashine nzuri, lakini haielezi kwa nini mashine hizo hizo haziwekewi printa. Hata za uwanja wetu wa mpira zingeweza.

#29 Chumvi ya Mawe
Uwanja gani huo? Siku hizi ni N-Card tu, kadi ya kielektroniki. Tiketi ya mwisho ya karatasi ya Simba na Yanga ninayo, haina bei.

#30 Ngalawa Moja
Ya mwaka gani?

#31 Chumvi ya Mawe
Maandishi yamefutika.

#32 Mchapaji wa Lumumba
Hapo kwenye kufutika ndipo napoingia, maana hii ni kazi yangu. Printa zilizokuwa zinawekwa kwenye hizo mashine zinatumia karatasi ile ya risiti, ile ile ya EFD, mashine za risiti za kodi. Haina wino. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, kichwa cha printa kinaichoma kwa vitone. Matokeo yake ni kwamba jua, joto, mafuta ya mkono, spiriti, hata zile bahasha za plastiki laini zinaifuta. Wakusanyaji mfanye hivi: siku hiyo hiyo iskani au itoe fotokopi, halafu asili ikae gizani, kwenye bahasha ya karatasi. Usiibandike kwa gundi ya maji na selotepu usiipitishe juu ya maandishi.

Na tafadhali sana msilete kuilaminisha. Kila mwezi ananijia mtu na risiti ya dhamana ya friji, "nilaminishie isipotee". Mashine ya laminesheni ni joto! Inatoka nyeusi tii mbele ya macho yake, halafu ananidai mimi friji.

#33 Kifaru Mpole
😂😂 Mkuu nilikuwa natafuta stationery ya kulaminisha kesho.

#34 Mzee wa Reli
#32 umesema kweli tupu. Tiketi zangu za kadibodi ngumu za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, zile alizobuni Mwingereza Edmondson karne ya 19, bado namba zinasomeka. Za juzi juzi zimekuwa nyeupe. Na msisahau metro: Beijing walikuwa na vitiketi vya karatasi vya kuchanwa mpaka Juni 2008, kabla tu ya Olimpiki. Baada ya hapo kadi ambayo geti linaimeza ukitoka.

#35 Dada Xiaobei
Guangzhou ni kisarafu cha plastiki, nacho kinamezwa. Kuna wanaonunua viwili, kimoja kinamezwa na kingine wanaondoka nacho, siwataji. Mtu wa Kariakoo anayetaka kumbukumbu ya Guangzhou atunze kadi yake ya mnunuzi ya Maonesho ya Canton, ina picha na inashikika.

#36 Nyuki Dume
Turudi kwenye pesa. Mimi nasikia China ukitoa noti wanakufukuza. Sasa hata hiyo tiketi ya yuan chache ya duka la zawadi mgeni atainunuaje?

#37 Pima Maji
Si kweli. Benki kuu yao ilitoa tangazo 2018 la kukataza wafanyabiashara kukataa noti, na wanaokataa wanatozwa faini. Tatizo ni chenji, muuzaji hana. Na mgeni siku hizi anaunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard kwenye Alipay au WeChat, imekuwa rahisi tangu katikati ya 2023.

#38 Msomi wa Hangzhou
Naongezea: beba noti ndogo ndogo kwa ajili ya mashine za kumbukumbu na vibanda vya wazee. Na kama kivutio kina kaunta ya posta, nunua postikadi, waambie wagonge mhuri wa tarehe, jitumie nyumbani. Zamani tiketi nyingine za China zilikuwa postikadi kabisa, upande mmoja tiketi na upande wa pili stempu imeshalipiwa. Zinapatikana soko la vitu vya kale la Panjiayuan, Beijing, nenda wikendi, zinauzwa kwa mafungu.

#39 Kifaru Mpole
Kununua tiketi ya mahali alikoingia mtu mwingine si udanganyifu?

#40 Mzee wa Reli
Kijana, hiyo ndiyo kazi ya ukusanyaji yenyewe.

#41 Bi Mdogo wa Malmö
Hapana mzee, wanaokusanya kuna wa aina mbili. Wewe unakusanya tiketi. Kifaru anakusanya alikokwenda. Yeye ya Panjiayuan haimsaidii kitu.

#42 Mzee wa Reli
Nakubali nusu.

#43 Mteremko wa Marangu
Kifaru mbona hujasema kama dirisha la huduma uliliuliza? Mimi mgeni wangu mmoja aliniambia Ukuta Mkuu kuna vibanda vinakuandikia cheti na jina lako kwa hela kidogo.

#44 Kifaru Mpole
Sikuuliza, sikujua lipo. Mwezi ujao naenda tena Xi'an na wenzangu, wanajeshi wa udongo nitawapitia tena, yuan 120 nyingine ndiyo hivyo. Nitaanzia jengo la huduma, nikikosa meza ya mihuri, nikikosa duka. Nitaleta majibu na picha.

#45 Ngalawa Moja
Uzi bila picha ni uvumi. Tunasubiri.

#46 Mzee wa Reli
Kifaru, zile za bluu za Wuhan–Guangzhou ziko ngapi na ziko katika hali gani? Moja nitainunua.

#47 Kifaru Mpole
Nne. Moja ina doa la chai.

#48 Mzee wa Reli
Nichukue ya doa, ya usafi baki nayo. Ila tarehe isomeke.

#49 Nyuki Dume
Kwani bei gani? Nauliza tu.